NANI MWAMERIKA?

Mwezi Mei mwaka 2025 makadinali wa Kanisa Katoliki walipomchagua Robert Prevost kuwa Papa Leo wa 14, magazeti mengi ya Kiingereza yalipiga mbiu dunia nzima kwamba amepatikana Papa wa kwanza Mwamerika. Basi na tuulize: yule aliyezikwa majuma machache kabla yake, Papa Fransisko, mzaliwa wa Buenos Aires, alikuwa mtu wa wapi? Buenos Aires iko Argentina, na Argentina iko Amerika. Bara halikuhama mahali pake kati ya mwaka 1936 na mwaka 2025, wala kati ya uchaguzi wa Papa Fransisko mwaka 2013 na uchaguzi huu. Lililohama ni neno tu. Na huyu Papa Leo mwenyewe, aliyezaliwa Chicago, aliishi miaka mingi nchini Peru, akawa askofu wa Chiclayo, akachukua uraia wa Peru mwaka 2015. Magazeti yale yalihesabu Chicago peke yake. Peru haikutosha kumfanya Mwamerika.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, mabishano ya maneno tu, na kwamba mwananchi mwenye njaa hali jina. Wanaosema hivyo wamesahau upesi mno. Sisi twajua jina ni nini. Wakati wa ukoloni tuliandikwa katika vitabu vya serikali kwa jina moja, “Native”, na jina hilo lilikuwa ndilo mizani ya mshahara wa mtu, shule ya mtoto wake, hospitali aliyolazwa na mahakama aliyoshitakiwa. Huko Afrika Kusini wajukuu wa Waholanzi walijiita “Afrikaner”, maana yake Waafrika, na wenye nchi wakaitwa “Native”, kisha “Bantu”. Mchezo huo wa majina ulikwenda pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913, ukafika kilele chake mwaka 1970, sheria ilipopitishwa ya kuwahesabu Waafrika kuwa raia wa vijimbo vya Bantustani ili waonekane wageni katika nchi ya babu zao. Kwanza mtu huporwa jina. Ardhi hufuata, na mwisho huambiwa aonyeshe cheti cha ruhusa ya kupita.

Kwa hiyo anapoulizwa nani Mwamerika, tusicheke. Tusikilize, maana swali hili twalijua kwa jina lake la nyumbani.

JINA LILITOKA WAPI

Jina Amerika halikutungwa na mtu yeyote wa Amerika. Mwaka 1507, katika mji mdogo wa Saint-Dié upande wa Lorraine, wanachuoni wawili, Martin Waldseemüller na Matthias Ringmann, walichapisha ramani ya dunia na kitabu cha kuieleza. Waliona kwamba Amerigo Vespucci, baharia wa Florence, ndiye aliyetambua kwamba nchi zile hazikuwa Asia, wakachukua jina lake wakalipa umbo la kike kama yalivyo majina Asia na Europa. Na hilo jina wakaliandika wapi? Waliliandika kusini, pahali ambapo leo ni Brazili. Katika ramani zake za baadaye Waldseemüller mwenyewe aliliacha jina hilo, lakini lilikwisha kushika. Mwaka 1538 Gerardus Mercator akalieneza kaskazini na kusini, bara zima.

Yafaa msomaji alishike jambo hili. Kwa karatasi ya kwanza kabisa, Amerika ni kusini. Lau kama haki ya jina ni ya yule aliyetangulia kuitwa, basi Mbrazili ndiye Mwamerika wa kwanza, na mtu wa New York angesubiri miaka zaidi ya thelathini nje ya mlango. Tena ramani hiyohiyo ya mwaka 1507 ilinunuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2003 kwa dola milioni 10. Wameinunua ramani, wakaiweka nyuma ya kioo, lakini yaliyoandikwa juu yake hawakuyasoma.

Mwaka 1776 makoloni 13 ya Kiingereza yalipoasi mfalme wao, yalijiita Majimbo ya Muungano ya Amerika. Maneno hayo yana maana nyofu: ni majimbo, yameungana, yako Amerika. Hayakusema kwamba ndiyo Amerika. Na hata neno “Majimbo ya Muungano” si lao peke yao. Meksiko mpaka leo, kwa jina lake rasmi, ni Majimbo ya Muungano ya Meksiko. Venezuela iliitwa hivyo mpaka mwaka 1953. Brazili nayo ilitumia jina la namna hiyo mpaka miaka ya sitini ya karne iliyopita. Nchi hizo zote ziko Amerika, na hakuna hata moja iliyothubutu kujitwalia jina la bara.

JINA LILIKUA PAMOJA NA HIMAYA

Mwanahistoria Daniel Immerwahr, katika kitabu alichokitoa mwaka 2019, ameonyesha jambo la kushangaza. Katika karne ya 19 marais wa Marekani waliitaja nchi yao kwa nadra sana kwa jina Amerika tupu. Walisema Muungano, au Jamhuri, au Majimbo ya Muungano. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1898. Mwaka huo Marekani iliishinda Uhispania, ikachukua Puerto Rico, Guam na Ufilipino. Hapo lile neno “Muungano wa Majimbo” likaanza kubana kama shati la mtoto, kwa sababu Puerto Rico haikuwa jimbo, na Ufilipino haikuungana na mtu kwa hiari yake. Likatafutwa jina pana lisilouliza maswali. Theodore Roosevelt, aliyeshika urais mwaka 1901, alilitamka neno Amerika kila mara, na waliomfuata wakaendelea.

Kwa hakika njia ilikwisha kusafishwa zamani. Mwaka 1823 Rais James Monroe aliwatangazia wafalme wa Ulaya kwamba bara la Amerika si tena pahali pa kuanzisha makoloni mapya. Tangazo hilo lilikuwa na sura nzuri, na wazalendo wengi wa kusini walilipokea kwa furaha. Baadaye likafupishwa kuwa msemo: “Amerika kwa Waamerika”. Lakini msemo huo una maana gani ikiwa anayesema Waamerika anajisema yeye? Mwaka 1848 Meksiko ilipoteza karibu nusu ya nchi yake kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo. Mwaka 1904 Roosevelt aliongeza kwamba nchi yake ina haki ya kuwa polisi wa bara zima. Majeshi yakakaa Nikaragua kwa sehemu kubwa ya miaka kati ya 1912 na 1933, Haiti toka 1915 hata 1934, na Jamhuri ya Dominika toka 1916 hata 1924. Mwaka 1954 serikali ya Jacobo Árbenz huko Gwatemala, iliyochaguliwa na wananchi, ilipinduliwa kwa njama za Washington baada ya kugusa mashamba ya kampuni ya ndizi ya United Fruit. Amerika ilikuwa kwa Waamerika kweli, na mwenye kamusi alikuwa mmoja.

Hawakukosekana waliojibu. Katika mkutano wa nchi za Amerika uliofanyika Washington mwaka 1889 na 1890, mjumbe wa Argentina, Roque Sáenz Peña, aliugeuza msemo ule akasema Amerika na iwe kwa binadamu wote. José Martí, mzalendo wa Kuba, aliyekuwa akiishi uhamishoni New York kwenyewe, aliandika mwaka 1891 makala aliyoiita “Amerika Yetu”. Neno “yetu” ndilo lililokuwa na uzito. Miaka minne baadaye alianguka vitani akiipigania Kuba.

WATU WA DAMU YETU

Hapa twafika kwenye jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Mwafrika wa kwetu anaposikia habari za ndugu zetu waliochukuliwa utumwani, akili yake hukimbilia Marekani: pamba, Mississippi, Martin Luther King. Hayo ni kweli na ni ya heshima. Lakini hesabu za wanachuoni waliopekua kumbukumbu za majahazi yale zasema hivi: katika Waafrika zaidi ya milioni 10 walioshushwa hai ng’ambo ya Atlantiki, karibu milioni 5 walishushwa Brazili, na mamilioni wengine katika visiwa vya Karibi. Waliopelekwa moja kwa moja katika nchi ambayo leo ni Marekani walikuwa karibu laki 4. Kati ya wale waliochukuliwa walikuwamo hata watu wa pwani hii ya mashariki, wa Msumbiji hasa.

Basi, tukikubali kwamba Amerika ni Marekani peke yake, tunawafuta kwa kalamu yetu wenyewe wengi wa ndugu zetu. Mtu mweusi wa Bahia hana jina. Mtu mweusi wa Haiti hana jina. Na Haiti ndiyo iliyovunja minyororo! Mwaka 1804, baada ya kulipiga jeshi la Napoleon, Jean-Jacques Dessalines na wenzake walilitupa jina la Kifaransa, Saint-Domingue, wakalirudisha jina la wenyeji wa kwanza wa kisiwa kile, Haiti. Na mwaka huohuo Dessalines alitangaza kwamba ameilipia kisasi Amerika. Hakusema kisiwa chake tu, alisema Amerika. Mtumwa wa jana alijiona mwenye bara. Na ile jamhuri ya Washington iliyojiita mama wa uhuru ilikataa kuitambua Haiti mpaka mwaka 1862.

Wala ndani ya Marekani kwenyewe jina hilo halikugawiwa sawa. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu ilisema mtu wa asili ya Kiafrika hawezi kuwa raia, hata akiwa huru. Ilibidi vita na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1868 kuifuta hukumu hiyo, na hata hivyo kura kwa watu weusi wa kusini ilibaki ndoto mpaka Sheria ya mwaka 1965. Mwaka 1884 John Elk, mwenyeji wa asili aliyeacha kabila lake akaishi mjini Omaha, aliambiwa na mahakama hiyohiyo kwamba yeye si raia. Watu ambao babu zao walikuwako kabla ya Columbus, kabla ya Vespucci, kabla ya neno Amerika lenyewe, walipewa uraia kwa jumla mwaka 1924. Yaani mwenye nyumba alipewa ruhusa ya kuingia na mpangaji wake. Katika miaka ya thelathini mamia ya maelfu ya watu wa asili ya Meksiko walisukumwa kuvuka mpaka, na wengi wao walizaliwa Marekani na walikuwa raia kwa sheria. Na watu wa Puerto Rico, raia toka mwaka 1917, wakikaa kisiwani kwao hawana kura ya kumchagua Rais anayeweza kuwapeleka vitani.

Mwaona jinsi kamba ilivyofungwa. Nje, jina linawatenga Wakolombia na Waperu. Ndani, linapimwa kwa rangi ya mtu. Mkono ni mmoja.

WAPINZANI WANASEMAJE

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wenye maoni mengine wana hoja zao, na haifai kuziruka.

Wa kwanza husema: nchi ile haina jina jingine, neno Amerika limo ndani ya jina lake. Ni kweli limo. Lakini neno Afrika limo ndani ya jina la Afrika Kusini, na limo ndani ya jina la Jamhuri ya Afrika ya Kati. Je, wangetuambia kesho kwamba wao tu ndio Waafrika, na sisi wa Dodoma, Nairobi na Kampala tutafute jina jingine, tungekubali? La hasha! Na zipo Kongo mbili zinazotazamana ng’ambo na ng’ambo ya mto mmoja. Kila mmoja wao ni Mkongo, na palipo na shaka husema wa Kinshasa au wa Brazzaville. Hakuna aliyekufa kwa kuongeza neno moja.

Wa pili husema: hata watu wa kusini wenyewe husema hivyo, Mbrazili wa kawaida humwita mtu wa Marekani “americano”. Hili nalo ni kweli. Lakini mazoea si haki. Sinema, redio, dola na manowari hufundisha lugha kuliko mwalimu yeyote. Sisi nasi tulijiandika “Native” katika fomu za serikali, kwa sababu fomu ilitaka hivyo. Tena katika Kispaniola liko neno “estadounidense”, mtu wa Majimbo ya Muungano, na Chuo cha Lugha cha Uhispania katika kamusi yake ya mashaka ya mwaka 2005 kimeshauri kwamba neno Amerika lisitumiwe kwa nchi moja. Wabrazili nao wanalo “estadunidense”, na wako wanaolitumia kwa makusudi.

Wa tatu husema: Wakanada hawataki kuitwa Waamerika. Sawa kabisa. Lakini kwa nini hawataki? Kwa sababu wanaogopa kuhesabiwa kuwa watu wa jirani yao. Lingalikuwa jina la bara kama Mwafrika au Mwasia, wasingaliogopa kitu.

Wa nne ndiye mwenye hoja nzito, na yeye si mtu wa Washington. Ni mwenyeji wa asili. Yeye husema: mnagombea jina la baharia wa Kitaliani juu ya ardhi yangu! Wajumbe wa mataifa ya asili, toka milima ya Andes hata Panama, wamechagua kuliita bara lao Abya Yala, jina la lugha ya Waguna. Tena hukumbusha kwamba wale waliojiita Waamerika dhidi ya mfalme wa Uhispania hawakuwagawia wote jina hilo. Argentina ilipeleka majeshi kati ya 1878 na 1885 kuwanyang’anya wenyeji nyika za kusini. Bolivia iliwanyima kura wasiojua kusoma, yaani wenyeji wengi kupita kiasi, mpaka mapinduzi ya mwaka 1952. Brazili iliwanyima kura wasiojua kusoma, wengi wao weusi na maskini, mpaka mwaka 1985. Mabwana wa kusini nao walikuwa na kamusi yao.

Hoja hii hatuna budi kuikubali. Lakini hebu tazama inakotupeleka. Inatupeleka mbali zaidi na madai ya nchi moja. Ikiwa Mmeksiko na Mbrazili waulizwe wamegawiaje jina hili majumbani mwao, basi aliyelitwaa peke yake atajibu nini? Mwenyeji wa asili ndiye wa kwanza kuulizwa ardhi yake iitweje. Na mpaka siku hiyo, jina lililoko ni la wote walioko, watu karibu bilioni moja katika nchi huru 35. Marekani ina theluthi moja tu ya watu hao.

GHUBA NA KALAMU

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya kale. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia sahihi amri kwamba Ghuba ya Meksiko iitwe na serikali yake Ghuba ya Amerika. Shirika la habari la Associated Press lilipoendelea kutumia jina la zamani, waandishi wake walifungiwa milango katika baadhi ya shughuli za Rais. Mbele ya hayo Rais Claudia Sheinbaum wa Meksiko alikwisha kujibu kwa utani wenye mwiba: alisimamisha ramani ya mwaka 1607 mbele ya waandishi, akasema kwa nini Amerika ya Kaskazini isiitwe Amerika ya Kimeksiko, ni jina zuri.

Siku hiyohiyo ya Januari ilitiwa sahihi amri nyingine, ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani kwa wazazi wasio na kibali cha kudumu, nayo ikapelekwa mahakamani mara moja. Amri mbili, siku moja, kalamu moja. Ya kwanza yasema maji haya ni ya Amerika. Ya pili yasema mtoto huyu si wa Amerika. Ghuba inaweza kuwa Mwamerika kwa sahihi, lakini mtoto wa Mhondurasi aliyezaliwa Texas, ambaye kwao na hapo ni bara moja, aambiwe ni mgeni! Anayebaki kusema kwamba jina ni neno tu, na atueleze hilo.

SISI TUFANYE NINI

Hatuwezi kuamua kwa niaba ya watu wa Amerika. Lakini kinywa chetu ni mali yetu, na hapa Kiswahili kimetupa silaha bila sisi kuomba. Katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said kufanya mkataba na Marekani mwaka 1833, wafanyabiashara wa Salem walileta Unguja shehena za kitambaa cha pamba. Wazee wetu wakakiita merikani, na kitambaa hicho kikapanda bara mpaka maziwa makuu, kikawa kama fedha mikononi mwa wasafiri. Kwa kinywa kilekile tukapata Marekani, nchi, na Mmarekani, mtu wa nchi hiyo. Amerika tukaiacha iwe bara. Kiingereza hakina njia nyepesi hiyo. Sisi tunayo toka siku za mashuka.

Basi tuitumie. Mtangazaji asiseme “Amerika imetoa tamko” ikiwa ni serikali ya Washington iliyosema. Aseme Marekani. Mwalimu darasani asiwaambie watoto kwamba Bolívar alikuwa mzalendo wa Amerika ya Kusini “lakini si Mwamerika”. Alikuwa Mwamerika. Mhariri anayetafsiri habari toka mashirika ya Kiingereza akute neno “American”, asimame kwanza, aulize: huyu ni wa nchi au wa bara? Akiwa wa nchi, Mmarekani. Akiwa wa bara, Mwamerika, awe wa Chicago, wa Chiclayo, wa Port-au-Prince au wa Bahia. Ni kazi ya dakika moja, wala haina gharama.

Wananchi, tulidai kuitwa Waafrika wakati ambapo kuitwa hivyo kulikuwa kosa mbele ya bwana mkubwa. Tulipolipata jina hilo hatukumfungia mlango Msudani wala Mlesoto. Anayejua uchungu wa kunyimwa jina asiwe tarishi wa kulipora kwa wengine. Marekani ni moja. Amerika ni ya Waamerika wote.